Samaki Aliowakataa Wathome

Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na mimi na Wathome tuligongana tangu juma la arusi yetu. Yeye alikuwa wakala wa mizigo kule Namanga, kazi ya kubishana na madereva wa malori kutwa nzima, na akirudi nyumbani mwisho wa wiki alikuwa bado hajachoka. Tulibishana juu ya rangi ya geti, juu ya mbuzi wa Krismasi, juu ya kanisa gani lina mahubiri mafupi. Majirani zetu hapa Noonkopir, mjini Kitengela, walijua habari zetu zote bila kuuliza.

Kisha kiharusi kikampiga, na mume wangu akaanza kukubali kila kitu.

Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakampotea, likabaki moja tu: sawa. Nikimuuliza kama anataka chai au uji, sawa. Nikimvalisha sweta katika jua kali la Januari, sawa. Siku moja nilimwambia kwa hasira kwamba nitampa jirani yetu Soila shamba lake la Illasit, bure. Akanitazama kwa upole, akasema sawa. Nilikwenda bafuni nikalia. Watu wa kanisani walinipongeza kwamba mzee amekuwa mpole, nami nikatamani kuwafukuza pamoja na mikate yao. Sikutaka mtu mpole. Nilimtaka Wathome.

Mtaalamu aliyemfanyisha mazoezi alinionya nisimwamulie kila jambo; nimpe vitu vya kuchagua, hata vidogo. Basi binti yetu Kaveke akatuletea tangi la kioo la kufugia samaki, lile la kukaa mezani. Tulilijaza maji, tukawasha pampu, na kwa majuma kadhaa likakaa bila samaki, kwa sababu Dalmas, muuza samaki wa mapambo pale mjini, alisema maji ya tangi jipya yanahitaji muda kabla ya kutiwa kiumbe. Muda huo wote mimi nilikuwa nikiamua tutaweka samaki gani. Ndiyo tabia yangu.

Jumamosi tulipanda tuktuk, mimi, mzee na fimbo yake, tukaenda dukani. Nilianza na wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa. Dalmas akauliza tunatumia maji gani. Niliposema ya kisima, akatikisa kichwa. Hao wanataka maji laini, na ya kwetu ni yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na kugomea sabuni. Nikaonyesha samaki wa dhahabu. Hao nao hukua wakachafua maji, akasema, tangi letu litawabana. Akatupeleka kwa aina mbili zinazopenda maji kama yetu: gapi na moli. Miaka yote nimeyalaani maji ya Kitengela, kumbe kuna viumbe wanaoyafurahia.

Gapi walikuwa na mikia mipana ya rangi ya machungwa, wakijizungusha mbele ya kioo utadhani wanajua wanatazamwa. Moli walikuwa weusi tititi, basi.

"Tuwekee hao gapi sita," nikamwambia Dalmas. Kisha, kwa kukumbuka tu, nikamgeukia mume wangu. "Hawa wa rangi ndio wazuri, ama, Baba Kaveke?"

Nilikuwa tayari nimefungua mkoba.

"Hapana," akasema.

Sauti ilikuwa nzito, neno limeburutwa, na fimbo imeinuka ikielekea kwa wale weusi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Nilimwambia hao wanafanana na viluwiluwi. Hapana. Nikamwambia sebule yetu ina giza tayari, nani atawaona. Hapana. Dalmas akajaribu kutupatanisha, akasema aina hizo mbili hukaa pamoja bila taabu, tuchukue wachache wa huku na wachache wa huku. Hapana. Sababu hakutoa. Nikamuuliza kama ni yeye atakayeosha hilo tangi, maana kila kitu katika nyumba ile nafanya mimi, au amekuja hapa kuniaibisha mbele za watu. Nilipandisha sauti hadi mteja mmoja akatoka nje.

Ndipo nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nikigombana na mume wangu.

Niliegemea ukuta nikajifunika uso kwa mkoba. Dalmas alidhani nimeumia moyo, akaniletea stuli, na sikuweza kumweleza kwamba ile ilikuwa shukrani. Wathome alikuwa amenikunjia uso. Nimeutukana uso ule miaka mingi, na siku hiyo ningeweza kuutazama mpaka duka lifungwe.

"Patia mzee hao wake weusi," nikasema.

Dalmas akatutilia watatu kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, akasema kwa tangi letu hao wanatosha. Tukasimama kando ya barabara kungoja tuktuk.

"Hii tanki tutaiweka kwa jikoni," nikamwambia mzee, ingawa sikuwa na nia hiyo hata kidogo.

"Hapana."

"Basi kwa bedroom."

"Hapana, Mama Kaveke."

Tuktuk ilipofika, nilikuwa bado namtafutia jambo lingine la kukataa.