Shahidi wa Nusu Mita

Saa nne asubuhi, Theodosia alifungua kitenge juu ya meza ya Chabani, fundi wa kompyuta karibu na soko la Gitega, akatoa diski nyeusi ya nje, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Alikuwa ameifuatilia kwa siku mbili katika ofisi ya mashamba, mpaka karani Venansi akamwambia aichukue, atafute fundi mwenyewe.

Ndani yake mlikuwa na mzee Dominiko wa Butihinda, kule Muyinga, akieleza mbele ya kamera mpaka wa shamba la baba yake Theodosia ulipopita kabla familia haijakimbilia Ngara, Tanzania. Mzee alikufa msimu uliopita wa maharage. Wazee wengine mia mbili walirekodiwa vilevile, na wengi nao wameshakufa. Ofisi iliweka yote kwenye diski ya akiba, kisha Venansi akafuta yaliyokuwa kwenye kompyuta ili apate nafasi. Akiba haiozi, alisema, mpumbavu yule. Sasa diski haikufunguka, na hukumu ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Bila ushahidi, shamba lingebaki kwa Bonifasi, aliyelikuta halina watu akang'oa minyaa yote ya mpakani.

Chabani alibadilisha uzi. Akabadilisha tundu. Akaleta kompyuta ya pili.

"Iko inazunguka, mama," alisema, sikio juu ya diski. "Nasikia. Ila ordinateri haiioni. Iko inaniuliza kama nifute vyote ndiyo itumike."

"Usifute," Theodosia alisema. "Yule karani ameshafuta ya kutosha."

Chabani alipoichomeka mara ya nne, Dominiko alitoka ndani ya diski. Alikuwa na buti zake za mpira zenye tope jekundu. Chabani akamsogezea kigoda.

"Shikamoo mzee," Theodosia alisema.

"Marahaba. Weye si mtoto wa Elikana?"

"Ndiye mimi."

Mzee hakungoja kuulizwa. Mpaka ulianzia kwenye jiwe jeupe, ukashuka na minyaa hadi kijitoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kamba siku ya kuipanda, na baadaye majirani wakanywa pombe ya mtama kwa mrija mmoja, kama inavyotakiwa.

Hakuweza kwenda mbali zaidi ya uzi, nao ulikuwa wa nusu mita. Kwa hiyo Chabani aliikumbatia kompyuta, chaji ikiwa asilimia thelathini, wakaenda ofisini bega kwa bega.

Venansi alimtazama mzee juu mpaka chini. "Bonjour, muzee. Karangamuntu yako, kitambulisho, iko wapi?"

"Nilizikwa nayo."

"Aa. Hapa maiti haitoi ushahidi."

"Aliutoa akiwa hai!" Theodosia alisema. "Nyinyi wenyewe ndio mliomrekodi!"

"Video iko wapi?"

"Kwenye diski."

"Bon. Na diski haisomeki."

Dominiko akaurudia mpaka wote neno kwa neno, hadi kwenye mrija. Venansi alisikiliza vizuri, hata mahali pengine akaitikia. Kisha akafungua daftari lake, akaandika: Shahidi amefika. Hasomeki. Akagonga muhuri.

Nyuma ya Dominiko alikuwa amesimama Anisia wa Giteranyi, aliyekufa mwaka juzi, na nyuma yake wengine, wamebanana ndani ya nusu mita ile bila kukanyagana. Kila mmoja alisema mpaka wake, na kila mmoja aliandikiwa neno lilelile. Chaji iliisha ilipofika zamu ya mtu wa arobaini. Venansi alisema waliobaki warudi kesho, akaenda kula.

Jumamosi Theodosia alikuwa Butihinda. Bonifasi alikuwa analima, hana haraka, na karatasi ya hukumu ilikuwa mfukoni mwa shati lake.

"Nimesikia muzee alifika mpaka Gitega," alisema. "Iko muzima?"

"Alikuwa na buti zake."

"Alinisalimia?"

"Hakukutaja."

Bonifasi alipiga jembe mara mbili tatu, akainua kichwa.

"Sogea basi, dada. Uko unakanyaga maharage yangu."

Theodosia alitazama chini. Alikuwa amesimama kando ya jiwe jeupe, upande wa baba yake.