Choo cha Barabara Kuu

Katika miaka tisa, mpango wa kufufua katikati ya mji ulikuwa umeandikwa mara nne, na mara zote aliyeuandika alikuwa afisa mipango miji. Kila mara aliweka choo cha umma barabara kuu, na kila mara choo kilitolewa kikaingizwa kitu kingine. Safari hii iliingia chemchemi ya kurusha maji, yenye taa za rangi. Mwenyekiti wa baraza la mji aliiona mahali huko safarini, ikamkaa moyoni.

Afisa hakuwa mwanamke wa kelele, lakini hili lilikuwa limemfika kooni. Mama yake mkubwa, aliyemlea, alishona nguo kibarazani kwenye barabara hiyohiyo. Kwa kukosa pa kujisitiri, hakutia tone la maji mdomoni tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Mwezi uliopita daktari alimwonya kuhusu figo. Akamjibu kwamba figo nazo zisubiri, mji unatengenezwa.

Basi afisa akaialika kamati nzima ya baraza, mwenyekiti akiwemo, itembee barabara kuu kuanzia saa nne. Aligawa maji, chupa mbilimbili, akawahimiza wanywe kwa sababu ya jua. Akawaonyesha maduka yaliyofungwa, vyumba vya ghorofani vilivyogeuka makazi ya njiwa, mitaro iliyoziba. Ilipogonga saa saba, mwenyekiti alikuwa anasimamia mguu huu, mara ule. Walipofika kwa mama mkubwa akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali.

"Hapana, baba," alisema mama mkubwa, cherehani ikiendelea kukimbia. "Sisi hatunywi maji."

Afisa akadhani amempata. Lakini mwenyekiti aliangaza huku na huku, akavuka barabara mpaka benki, mlinzi akamtambua, akamfungulia. Alirudi amechangamka, akasema kutoka pale benki chemchemi itaonekana vizuri sana. Alhamisi kikao kikaipitisha. Choo kikasukumwa awamu ya pili, na katika miaka yote tisa hakuna aliyewahi kuiona awamu ya pili ya kitu chochote.

Afisa alirudi ofisini hasira zimemjaa, akaitupa rula yake mezani. Mhandisi wa maji, waliyekaa naye chumba kimoja, akamkumbusha kwa upole kwamba chemchemi haiendi bila chumba cha pampu.

"Kikubwa kiasi gani?" aliuliza.

"Sheria haisemi," mhandisi alijibu, macho kwenye karatasi zake.

Afisa akachora jengo la pampu lenye pampu moja pembeni, na milango sita, masinki manne na njia pana ya kiti cha magurudumu. Mwenyekiti alitia saini bila kufunua ukurasa wa pili. Miezi mitano baadaye milango ilifunguliwa.

Siku hiyo mama mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamtazama binti yake. "Mbona wewe hucheki?"

"Miaka tisa, mama. Nimepima, nimeandika, nimebembeleza. Mwisho nimekipitisha kama mwizi."

Mama mkubwa hakumwambia anakosea. Alisogeza vitambaa kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. Afisa akakaa, akavua viatu, akapumzika hapo mpaka mteja alipokuja kuulizia suruali yake.