Mchanga wa Kanisa

Kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walibeba mawe miaka miwili wakajenga ukuta kukingama mto. Mafuriko yakajaza mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga ukaficha maji. Hata kiangazi, ukichimba kidogo tu unateka. Mwenyekiti wao, Ndunge, alipomposea mwanawe msichana aitwaye Mbinya, alimwahidi mama wa msichana kwamba binti yake hatapanda mlima na mtungi mgongoni.

Sheria ilikuwa moja: mchanga hautoki. Madalali wa mchanga walifukuzwa kwa matusi, na kwa matusi Ndunge hana mpinzani. Lakini kanisa lilipoanza kujengwa, nani angemnyima Mungu? Mwenye mvua ni yeye, walisema, ataleta mchanga mwingine. Ndunge akaitisha kura, mikono ikainuka, lori likashuka mtoni mara kumi na moja.

Mvua ya mwisho wa mwaka ilikuja haba. Maji yakalala wazi juani, hayana mchanga wa kuyafunika, yakakauka upesi. Kufikia Agosti walichimba hadi mtu akazama mabega, wakapata tope. Ikabidi waende mto Athi, mwendo wa saa tatu. Wewe uliye mbali utasema wangengoja bomba la serikali. Bomba lilifika kwenye kibao cha uzinduzi, likaishia hapo.

Mbinya alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndunge alimkataza kwenda. Asubuhi moja, Ndunge akiwa kitandani na homa, Mbinya akachukua mtungi akaondoka bila kuaga. Alirudishwa kwa pikipiki, leso imelowa damu. Mtoto wa kike alizaliwa kimya, akazikwa bila jina.

Ndunge alilia hadi sauti ikamkauka. Majirani wakamwambia ni mapenzi ya Mungu, akatamani kuwafukuza wote.

Wiki ya pili alimpelekea Mbinya uji, akashindwa kumtazama.

"Mwanangu, ni mimi. Ningekataa ile lori, saa hii ungekuwa unanyonyesha."

Mbinya alipokea kikombe.

"Mwaitu, mama yangu, siku ya kura ulihesabu mikono, hukuangalia ni ya nani." Akaweka kikombe chini. "Ya kwanza ilikuwa yangu. Nilitaka mtoto wangu akuje abarikiwe kwa kanisa ya mawe."