Fundi wa Lifti Apandaye Ngazi

Mimi ni fundi wa lifti na naogopa lifti. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna mengine.

Haikuanza na ajali. Ningepata ajali ningeisimulia kwa fahari, nikavua na shati nikaonyesha kovu. Ilianza mchana mmoja, niko peke yangu ndani ya lifti niliyoitengeneza mwenyewe, inapanda laini kabisa, nami nawaza kama viatu vyangu vitamaliza mwaka. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama mlango unaogongwa na askari. Vidole vikafa ganzi. Hewa ikawa hainitoshi, nikasadiki kwamba nakufa, tena kifo cha kijinga, cha mtu anayewaza viatu. Mlango ulipofunguka nilitoka kwa magoti. Mwanamke aliyekuwa akingoja lifti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, skrubu. Akainama, tukaitafuta wote wawili.

Daktari alinipima akasema moyo wangu ni mzima. Kilichonipata ni hofu, wanaopatwa nayo ni wengi, inatibika, nitafute mtu wa kuzungumza naye. Nilitoka pale nimenuna. Nilikwenda na ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa heshima, nikarudishwa nyumbani na hofu kama mtoto aliyeachwa gizani. Tena mimi shule niliiacha mapema nikaingia kwenye grisi na nyaya, na huko nilikojifunzia kazi, mtu akisema anaogopa alikuwa anatumwa chai mpaka anastaafu. Nikafunga mdomo.

Sasa, katika kazi yetu kuna desturi moja: lifti ikishatengenezwa, wa kwanza kuipanda ni fundi. Haikuandikwa popote, lakini hakuna atakayetia mguu kabla yako. Mimi nikabuni magunia ya mchanga. Nayapanga ndani, nabonyeza kitufe, nauchomoa mkono haraka, kisha napanda ngazi mbio ili niisikilize lifti ghorofa kwa ghorofa. Msimamizi mmoja wa jengo aliponiuliza kwa nini sipandi mwenyewe, nilimjibu kwa sauti nzito, "Binadamu ana hofu, anasikia visivyokuwepo. Mchanga hauna hofu." Alifurahi sana, akampigia simu bosi wangu. Bosi naye akaona hayo ni maarifa makubwa, akaagiza kila fundi atembee na magunia. Wenzangu wakanibandika jina la Profesa Mchanga, na hawakulisema kwa upendo, kwa sababu ni migongo yao iliyobeba. Hivyo ndivyo woga wangu ulivyogeuka kuwa kanuni ya kampuni.

Ningeendelea hivyo hadi uzeeni kama si mama mkwe.

Mama mkwe anakaa ghorofa ya sita. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, na goti lake moja halitaki kusikia habari za ngazi. Alingoja nafasi ya upasuaji kwa muda mrefu mno, hata simu ya jirani ikilia anadhani ni hospitali. Nafasi ilipopatikana, lifti ya jengo lake ikafa. Mke wangu alinitazama tu. Nami nilielewa: una mkwe fundi wa lifti, halafu ukose macho kwa sababu ya lifti?

Nilifika asubuhi ya siku yenyewe, nikabadilisha breki, nikapanga magunia yangu, nikaipandisha na kuishusha bila mtu ndani. Ilikuwa nzima. Hata mimi niliiamini, mradi niwe nje yake.

Mke wangu akatangulia chini kwa ngazi na mkoba, azuie teksi isiondoke. "Baba watoto, mlete mama upesi," alisema. "Tukichelewa nafasi anapewa mwingine."

Nikabaki kwenye kibaraza cha lifti na mama mkwe, mlango uko wazi, magunia yamo ndani.

"Ingia mama, iko tayari."

"Tangulia wewe."

"Mimi nitateremka kwa ngazi, nikupokee chini."

"Kwa nini? Umeitengeneza au umeipaka rangi?" Akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Lifti iliyotoka matengenezoni, fundi anaipanda. Usipopanda, mimi narudi kitandani na macho yangu haya haya."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka ninajifunika shuka. Nilivua koti langu la kazi, nikalivika gunia la juu kabisa, lile lililofika usawa wa bega. Nikamshika mama mkono nikamwingiza, nikaweka kiganja chake juu ya koti.

"Mimi huyu hapa, mama. Nishike."

Nikabonyeza kitufe cha chini, nikatoka kinyumenyume kama mwizi wa kuku. Mlango ukaanza kujifunga.

Mama mkwe akalipapasa lile gunia. Akalibinya. "Mwanangu," akasema, "mbona umekuwa mgumu hivi? Binti yangu anakulisha nini?"

"Ni kazi tu, mama," nikajibu.

Fimbo ikachomoza mlangoni. Mlango ukagonga fimbo, ukarudi.

"Mbona bega lako liko humu na mdomo wako uko nje?"

Sidhani kama duniani kuna mtu mwenye jibu la swali hilo.

"Unanifungia na mzigo," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mimi sioni, na wewe unanidanganya kwa sababu sioni."

Teksi ikapiga honi huko chini. Nikaona mambo mawili kwa pamoja: atakosa upasuaji wake, na atakuwa na haki ya kutonisamehe. Nikajisikia nikisema, "Mama, naogopa."

"Unaogopa nini? Imeharibika?"

"Nzima. Naogopa tu. Nikiingia nahisi nakufa. Sijaipanda lifti mwaka sasa."

Nikangoja matusi. "Na hela za fundi unapokea?" akauliza.

"Napokea."

"Mshenzi wewe," alisema, kwa upole uliotaka kuniliza. "Mimi leo wananitia kisu jichoni. Tangu jana naogopa, na sijamwambia binti yangu kwa sababu atalia. Haya, toa hili jamaa lako la mchanga uingie. Nikiwa peke yangu na woga wangu sitafika."

Nikayaburuta magunia nje. Nikaingia. Mlango ukafungwa, na kila kitu kikaja kama kawaida yake: moyo, vidole, hewa. Nikamkamata mama mkwe, mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa nimemsalimia kwa kuinama na kukaa kiti cha mbali, nikamng'ang'ania kama kupe.

"Nakufa, mama."

"Hufi. Anayekufa hamkanyagi mwenzake mguu. Ondoa kiatu."

Nikaondoa.

"Hicho kinachounguruma juu ni nini?"

"Gurudumu la nyaya."

"Na hiki kinachogongagonga?"

Nikasikiliza. "Ni meno yangu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi ya kufa. Lakini nilipokuwa bado nangoja kufa, mlango ukafunguka na mke wangu akawa amesimama mbele yetu.

"Mama! Umemfanya nini mume wangu?"

"Muulize mwenyewe. Tuna safari."

Nilimwambia kwenye benchi la hospitali, mama akiwa katikati yetu na vazi la wagonjwa mapajani. Nilisema yote: viatu, skrubu, daktari, magunia, koti. Mke wangu alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yanamtoka, na sikujua ni ya aina gani.

"Mashati mawili kwa siku," alisema. "Unarudi umelowa, tumbo limepungua, ukiulizwa unasema kazi. Nilijua una mwanamke. Nimemchukia huyo mwanamke mwaka mzima. Nilishajua hadi urefu wake."

"Ilikuwa ngazi."

"Nasikia." Akanipiga begani, si kidogo. "Kesho kutwa unarudi kwa yule daktari. Na mimi nakuja, nisikie kwa masikio yangu."

"Na bosi?"

"Bosi utamwambia wewe. Wenzako wapumzishe migongo."

Muuguzi akatokea akaita zamu ya mama. Chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya nne, lifti ile pale mwisho wa ukumbi, ndugu mmoja anaruhusiwa kumsindikiza. Mke wangu akainuka. Mama mkwe akanyoosha mkono, ukampita binti yake, ukaja kwangu. Ukanishika mkono wa shati, ukang'ang'ania.

Lifti ilipofika nilisema, "Hii iende, mama. Tungoje ijayo." Akasema sawa. Iliyofuata nayo nikaiacha iende. Muuguzi akatazama saa. Ya tatu ilipofunguka, mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Hii ni nzuri?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hii sikuitengeneza mimi."

Tukaingia.