Msitu wa Darasani

Asubuhi ya mtihani wa kufundisha, walimu wanafunzi walibanana kwenye madawati ya chuo chao, milimani Kafa, wakijifanya watoto wa darasa la tatu. Mkufunzi wao, Wodajo, alikaa nyuma akitoa alama.

Tadewos alitangulia. Alifundisha kwamba tamaduni zote za Ethiopia ni sawa, akapigiwa makofi.

Kisha akaitwa Askalech. Alikuwa Mmanjo, wa jamii ya wawindaji wa msituni, na wa kwanza wao kusoma chuoni hapo. Majirani hawakuwahi kula na Wamanjo, wakidai kwamba wanakula tumbili, na wenzake walimwachia dawati zima akae peke yake.

"Mwalimu, leo tunapika tumbili?" mmoja akauliza kwa sauti ya kitoto. Darasa likaangua kicheko.

Askalech akangoja wanyamaze. "Leo tunasoma msitu," akasema. "Bibi yangu ndiye aliyenifundisha."

Akaanza kutaja miti, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama anayewaita watu waje kula. Hata hajafika mbali, madawati yakachipua. Mizizi ikapasua saruji, matawi yakainua madaftari hadi darini. Mibuni ikachanua maua meupe kila upande na nyuki wakaingia dirishani. Hakuna aliyepiga kelele. Tadewos aliweka sikio kwenye shina, akasikia maji yakipanda ndani yake, machozi yakamtoka. Yule wa tumbili alivua kofia.

"Zana zinafaa, na muda umezingatiwa," alisema Wodajo, akitoa petali kwenye miwani. "Umefaulu. Darasa lifyekwe kabla ya kipindi cha hesabu."

Buni ziliiva mchana uleule, zikakauka matawini. Wakazichuma, wakazikaanga, wakazitwanga uani. Askalech akaketi pamoja nao, na hakuna aliyesogea kando.

Tadewos akatia chumvi kwenye birika, kama ilivyo desturi ya huko, akamimina vikombeni. Watu wakanywa, wakafumba macho.

"Sijawahi kuonja kahawa kama hii," alisema mmoja. "Bibi yako yu hai?"

"Yu hai."

"Mwambie, Mungu ampe umri."

Tadewos akafika mbele ya Askalech, akasita. Akarudi nyuma, akakata jani la mgomba, akalikunja na kumpa. Akamimina kutoka juu, ili birika lisiguse jani.

"Usinielewe vibaya, dada yangu," akasema kwa upole. "Vikombe ni vya watu wote."

Askalech akalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa linaunguza.

"Chumvi imekolea?" Tadewos akauliza.

"Imekolea," akasema, akanywa haraka kabla jani halijapasuka.