Tisa ya Kujaa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 22 Februari 1972, Dawud Salim alikuta mawe mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Hakufurahi. Alikuwa amesimama juu ya kilima kimoja cha Othaya, viatu vimelowa umande wa shamba la chai, futi ya mbao mkononi. Mbele yake palikuwa na marundo kumi na manne yaliyofunikwa kwa majani ya migomba, rundo moja kwa kila kikundi cha wanawake. Karatasi ilisema rundo la kwanza lina mawe mia moja thelathini na matano. Yeye alihesabu mia moja na hamsini. Akazunguka, akahesabu kutoka upande wa pili. Mia moja na hamsini.

Kwa miaka ishirini Dawud alijenga kuta za watu mjini Nyeri. Mgongo ulipokataa, alihamia meza moja katika chumba chake cha mtaa wa Majengo na kuanza kuandika nyumba ya fulani itakula mawe mangapi, saruji mifuko mingapi, mabati mangapi. Watu walimwita Bwana Makisio. Hakulipenda jina hilo. Kukisia, alisema, ni kazi ya mtu aliyesahau futi nyumbani.

Nyumba ya safari hii ilikuwa ndogo, futi arobaini kwa ishirini, vyumba viwili. Akina mama wa kilima wangengojea siku zao humo na kujifungulia humo, badala ya kubebwa kwa machela hadi hospitali wakati njia imegeuka matope. Wanawake walijitolea mawe. Ofisi ya wilaya ilikubali kutoa saruji na mabati, ila kwa sharti moja: mkadiriaji atie saini kwamba mawe yametimia. Kama hakuna saini kufikia saa saba mchana huo, saruji ingekwenda kujenga josho la ng'ombe kilima cha pili, na akina mama wangengoja mwaka mwingine.

Kuta zilitaka mawe elfu mbili na arobaini na matano, yakiwemo ya kuvunjika. Mwezi wa kwanza, mawe yalipokuwa bado machimboni kando ya mto, Dawud alimwuliza kiongozi wa wanawake maswali matatu. Vikundi vingapi? Kumi na vinne. Kila kikundi wanawake wangapi? Tisa. Kila mwanamke atabeba mawe mangapi? Kumi na matano. Akazidisha. Yalipungua mia moja hamsini na matano. Alipanda kilima akijua atakataa, na maneno ya kukataa alikuwa ameyapanga njiani.

"Mzee wa taoni!" Kiongozi mwenyewe, Watiri, alikuja akipangusa mikono kwenye leso. "Unahesabu hiyo rundo mara ngapi? Mawe haiwezi zaa."

"Haya yamezaa, Mama Warigia."

"Ati nini?"

"Yamezidi kumi na matano. Mmeyatoa wapi?"

"Kwa mto! Tumetoa kwa hii shingo. Ama unataka kupima shingo pia?"

Wanawake waliokaa kwenye nyasi wakacheka. Theuri, karani wa ofisi ya wilaya, alikuwa ameegemea Landrova akila ndizi.

"Mzee, si yamezidi tu? Weka saini twende. Kuzidi ni kosa?"

"Ni kosa," alisema Dawud. "Ila sijajua ni la nani."

Mwaka 1968 alitia saini kwa kuamini neno la mwenyekiti wa kamati moja. Kuta za shule zikafika usawa wa madirisha, zikakaa hapo miaka miwili, mibono ikaota madarasani. Tangu hapo hakuamini neno wala jiwe, mpaka viwili hivyo viseme kitu kimoja. Sasa jiwe lilisema hivi na neno lilisema vile.

Akaenda rundo la pili. Mia moja na hamsini. La tatu vilevile. Aligonga kila jiwe la juu kwa nyundo, akapima moja katika kila safu: inchi tisa kwa tisa, urefu futi moja, bila ujanja. Saa tano na nusu alimaliza la kumi na nne. Jumla, elfu mbili na mia moja.

"Mama Warigia, kaa hapa nikuulize kama mtoto wa shule. Kila kikundi kina wanawake wangapi?"

"Nilikwambia. Tisa."

"Tisa wakibeba kumi na matano kila mmoja, ni mia moja thelathini na matano."

"Hiyo ni tisa ya watoto wa shule. Yetu ni tisa ya kujaa."

Kalamu ya Dawud ilisimama.

"Ya kujaa?"

"Kwa Kikuyu, kenda muiyuru. Tisa, na imejaa." Watiri alimtazama kama mtu anayeeleza maji ni nini. "Watu si mbuzi wa mnada, mzee. Hauwezi taja hesabu yao kamili hivi hivi, halafu kesho mmoja akose. Na hawa ni wa kuzaa. Umekaa Nyeri miaka mingapi na hujui?"

"Nimezaliwa pale."

"Basi umezaliwa umelala."

Kicheko kilikuwa kirefu safari hii, na Dawud mwenyewe alitabasamu. Mwezi wa kwanza alikuwa amesikia "ya kujaa", akadhani ni lugha ya kusifia kazi. Alikuwa ameiacha nje ya daftari.

Lakini maelezo ni maneno tu. Aliinua kidole kuelekea kikundi kilichokaa karibu.

Watiri alikipiga kidole kile. "Usiwahesabu na hiyo kidole!"

Dawud akashusha mkono. Alitazama huku na huku. Kwenye ua wanawake walikuwa wameanika mikanda yao ya ngozi, ile ya kubebea mizigo kwa paji la uso, kila kikundi na ufito wake. Akasogea. Mikanda haikatazwi kuhesabiwa. Ufito wa kwanza: kumi. Wa pili: kumi. Alizipitia zote kumi na nne polepole, na Watiri akamfuata nyuma. Kwenye ufito wa mwisho palikuwa na mkanda mmoja mpya, ngozi bado nyekundu.

"Wa Warigia wangu," alisema Watiri. "Alibeba zake mapema, kabla tumbo ikatae. Anajifungua mwezi wa saba. Hii nyumba itakuwa na mlango mwezi wa saba?"

"Lori likija kabla ya mvua, itakuwa nao. Na yatabaki mawe hamsini na matano."

"Unakisia."

"Sikisii."

Saa sita na dakika arobaini alitia saini. Theuri aliisoma fomu, akakunja uso.

"Hapa pa idadi ya wanawake umeandika 'tisa ya kujaa'. Hiyo ni ngapi?"

"Idadi ya mawe iko chini yake. Gawanya."

Lori lilifika tarehe 10 Machi. Mvua ilianza tarehe 19.

Jumamosi tarehe 1 Julai Dawud alirudi kupima kazi iliyokamilika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati. Mlango ulikuwepo. Mawe yaliyobaki yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta, yakawa benchi, na akina mama wenye mimba walikuwa wamekaa juu yake wakiwa wamejifunga shuka, Warigia upande wa mwisho. Dawud aliwaamkia. Aliinama akahesabu chini ya miguu yao, safu kwa safu: hamsini na matatu. Alikuwa amekosea mawe mawili.

Akafungua daftari, akaandika hamsini na matatu na tarehe. Waliokaa juu yake hakuwaandika.