Barua Tisa za Mwenyekiti

Jovina alikuwa fundi cherehani wa Muhima, Mhaya aliyeishi Kigali miaka kumi na miwili. Siku ya uchaguzi wa chama chao cha mafundi aliingia ukumbini na barua moja mkobani. Ilikuwa ya uwakilishi, ya Uwineza, rafiki yake wa Kinyinya, aliyejifungua siku sita nyuma. "Piga kura kwa niaba yangu," Uwineza alimwambia, "mpe yeyote, ila si Twagirayezu."

Katibu Conrad aliisoma barua, akatikisa kichwa. "Hii haipokelewi, Mama. Uwineza amekwisha kupata mwakilishi."

"Nani?"

"Mwenyekiti."

Twagirayezu, mwenyekiti aliyekuwa akigombea tena, alikuwa amekaa mbele, barua tisa za uwakilishi amezipanga mezani kama karata. Damu ikampanda Jovina kichwani. Akampigia Uwineza simu, akaweka spika ukumbi mzima usikie.

"Mimi? Nimpe Twagirayezu?" Kichanga kililia nyuma ya sauti. "Alipita hapa juzi na karatasi, akasema iko ya mafunzo. Nikasaini huku nanyonyesha!"

"Sauti ya simu si ushahidi," mwenyekiti akasema kwa upole. "Sheria inataka karatasi, na karatasi ninayo."

"Sheria?" Jovina akainyakua katiba ya chama mezani kwa Conrad. "Ibara ya kumi na nne: mwanachama atamwakilisha mwenzake mmoja tu. Mmoja! Wewe umebeba tisa!"

"Hiyo ni ya wanachama wa kawaida. Uongozi ni kitu kingine."

"Nionyeshe ilipoandikwa!"

Twagirayezu akaanza kuzikusanya barua zake. Ndipo Shafiq, mshona kanzu, mtu asiyependa maneno, akasimama. "Mwaka juzi, nikiwa kwenye kamati, nilileta barua mbili, za wanangu. Twagirayezu, wewe mwenyewe ulinirudishia moja."

Ukumbi ukalipuka. "Oya! Oya!" wanawake wa nyuma wakakataa kwa Kinyarwanda, wakagonga viti sakafuni mpaka Conrad akafunga daftari lake na kutangaza kwamba uchaguzi umeahirishwa kwa wiki mbili.

Siku ya marudio barua zilisomwa hadharani, moja kwa kila mtu. Uwineza alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Kura zikahesabiwa mbele ya wote, na Twagirayezu akamshinda mpinzani wake kwa kura kumi na moja zaidi.

Watu wakapiga makofi. Jovina hakupiga. Kumbe angeshinda tu! Basi kumlaghai mzazi wa siku nne kulikuwa kwa nini? Kwa kuwa aliweza, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hilo lilimchoma Jovina kuliko ushindi wenyewe.

Mwenyekiti akamfuata mlangoni, mkono mbele. "Dada, yamekwisha."

"Hayajaisha. Kwanza kamwombe radhi yule pale."

Twagirayezu akamtazama Uwineza, akatazama saa yake, kisha akashuka ngazi kwenda kupiga picha na kamati mpya.

"Twagirayezu!" Jovina akaita, akiteremka nyuma yake, watu wote wakigeuka. "Nimesema kwanza umwombe radhi!"